Leo Zamu ya Baba

Kijiko kilikuwa tayari mdomoni nilipomwona binti yangu amefumba macho.

Shule ilikuwa imefungwa, nikaja naye gereji. Tulikuwa mafundi wanne tumezunguka sufuria moja, naye pembeni yangu, mkono ameninyooshea kama tufanyavyo nyumbani kabla ya kula. Mimi ndiye niliyemfundisha. "Popote utakapokuwa, mwanangu, usimwonee Mungu haya."

Hapa gereji, miaka sita sasa, sijawahi kusali hata siku moja. Wenzangu wakiwacheka walokole, nami hucheka nao.

"Huyu mtoto kalala?" aliuliza Spana, mtani wetu mkuu.

"Nasubiri," alijibu binti yangu, macho bado kayafumba. "Jana nilisali mimi. Leo zamu ya baba."

Vijiko vyote vikasimama. Spana akanigeukia. "Fundi! Kumbe na wewe umo?"

Shavu langu lilikuwa limejaa chakula, sitafuni wala sitemi. Kiganja kidogo cha binti yangu kilibaki wazi. Changu kilikuwa na ile grisi isiyotoka kwa sabuni.

Nikameza. Nikamshika mkono.

"Vua kofia, Spana," nilisema.