Pasi ya Rukia

Siku hizi umeme wa nyumba unatoka kwenye miguu ya mtu asiyetulia, na kwetu mtu huyo ni mimi. Nimefungwa waya vifundoni. Nikirusha miguu, mkwe wangu Rukia anapiga pasi.

"Mama, rusha kidogo, kola imekunjamana!"

"Nikizidisha utaunguza shati la mume, mwanangu."

Leo ni hitima ya shoga yangu, Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili. Nilitaka nikae mkekani bila kumpiga mtu teke, nikameza kidonge kwa siri. Miguu ikatulia kama watoto walioshiba. Nikavua waya, nikauendea mlango.

Haukufunguka. Nao ni wa umeme.

Rukia akaja na pasi iliyopoa. "Mama, umefanya nini?"

Nikajifunga waya tena, nikaibembeleza miguu iamke. Ng'ambo ya ukuta wenzangu wakaitikia amina.