Neva ya Saba

"Msikitini huendi na uso huo!" Ami Bakari alifoka. "Naenda mimi, wakili wako, nikubali kwa niaba yako. Ndoa itafungwa na wakwe hawatakuona."

"Anayeoa nani, Ami, mimi au wewe?" Sudi naye akapandisha sauti. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala tu, tangu alipoamka nao juzi.

"Watasema umepigwa na jini!"

"Jini gani? Daktari kaniambia nikunje kipaji cha uso, nikashindwa. Nipige mluzi, ukatoka upepo. Kasema ni neva ya saba, ile inayotoka kwenye ubongo kuja kuchezesha uso. Imevimba, basi. Itapona."

"Haya, bwana harusi," Shangazi Zena akadakia, "sema nimekubali, tukusikie."

Sudi akasema. Neno likamvujia pembeni pamoja na mate, na jicho lisilofumba likadondosha chozi. Shangazi akacheka, kisha akaona aibu, akamtupia leso.

Sudi hakuiokota. Akalipandisha shavu kwa kidole cha kushoto, akalishikilia hapo, akasema tena: "Nimekubali." Neno likatoka zima.

"Utajishika shavu mbele ya watu wote wale?" Ami akauliza, sauti imeshuka.

"Mkono wa kulia nampa mkwe, baba yake Saumu, aushike wakati wa kuozwa. Huu wa kushoto ulikuwa na kazi gani?"

Akatoka vilevile, kidole shavuni, akaufunga mlango kwa mkono wa kulia.