Mugeni Mwenye Kuchuja Kasiksi

Mbele ya Mama Adèle, mama ya Séphora, mbele ya muyomba yake, mbele ya picha ya Bikira Maria yenye ilikuwa ku ukuta, Omer alitosha pompe mu sac. Akaingiza mupira moja ndani ya kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, mupira ingine mu gobelet yake mwenyewe, akaanza kupompa. Tshwi, tshwi, tshwi.

Watu bakaangaliana. Huku Mususa, mu Butembo, kuchuja pombe yenye mama wa nyumba amekupatia ni kumuambia wazi kama yeye ni mulozi. Mama mwingine angemumwangia ile kasiksi yote ku kichwa. Mama Adèle, hapana. Alikunja mikono, akacheka kidogo na midomo.

«Kunywa, mutoto wangu,» alisema. «Kunywa yote.»

Ile filtre ilikuwa ya bazungu. Balikuwa banapanda mulima Ruwenzori wakati vita ya 98 ilianza, bakakimbia, bakaacha tente, viatu, na hiyo pompe ya kusafisha maji ya mito. Omer, soda wa jeshi mwenye alitoka Équateur, aliiokota kule Mutwanga, chini ya mulima. Mu pori, wenzake balikunywa maji yoyote, bakaharisha hata kusahau bunduki zabo ku miti. Yeye alipompa, akakunywa, akabakia muzima. Tangu pale aliamini ile pompe kupita docteur ya jeshi.

Balipomutuma Butembo, rafiki yake Jonathan, soda kama yeye, alimuonya: «Chunga sana! Bamama ba huku banaweka dawa mu pombe. Ukikunywa tu, unaoa binti yabo, unasahau kwenu Mbandaka, unasahau hata mama yako mwenye kukuzaa. Nimeona commandant muzima analima maharagi Musienene, anaimba!»

Omer aliogopa kabisa. Hakukuja huku kuoa. Alitaka vita iishe, arudie kwabo vile alitoka.

Mais kulikuwa Séphora. Séphora alikuwa anauzisha viazi vya Lubero ku soko, na akicheka, hata benye kupita njia banacheka bila kujua juu ya nini. Omer alinunua viazi, akanunua tena, hata chambre yake ikakosa nafasi ya kuweka miguu. Mama Adèle akasikia habari ya soda mwenye kununua viazi bila kupika. Akamuita nyumbani dimanche, kiisha misa.

Alikuja dimanche ile, na ingine, na ingine. Kila mara alikuta kasiksi inamungojea. Sikuli, ule muyomba, ndugu ya Mama Adèle, mwenye kujua majani yote ya Musienene, alikuwa anaketi mu kona, anamuangalia koo tu. Omer aliona ile macho, akapompa na nguvu zaidi.

Kasiksi hapana maji ya muto. Filtre ilikuwa inaziba, anaifungua, anasugua cartouche na brosse, anaanza tena, jasho inamutiririka mu shingo. Kile kilitoka kilikuwa cheupe cheupe, bila utamu, kama maji ya kuoshea sahani. Alikunywa, akasema «Wasingya, mama,» neno la kushukuru, moja tu la Kinande lenye alijua. Chakula naye alichagua: mayai yenye ganda, na viazi vyenye havijamenywa.

«Unasikia namna gani mu roho?» Mama Adèle alikuwa anamuuliza.

«Muzuri, mama.»

«Hauna hamu ya kurudia kwenu?»

«Bado, mama.»

«Masikini,» alisema, na akamujazia kikombe tena.

Siku moja Séphora alimufuata mpaka ku barabara, amekasirika. «Kama unaogopa pombe yetu, unakuja kutafuta nini huku? Unanitafuta mimi, ao unatafuta mahali ya kuosha machine yako?»

Omer alirudia na pompe yake mu sac. Alifika ku camp, akakaa juu ya kitanda, machozi inamutoka, Jonathan akamuangalia uso na kupiga kelele: «Nzambe! Umekunywa dawa!»

«Hapana! Nilichuja yote!»

«Sasa kama ulichuja, unalia nini?»

Ile neno ilimuingia Omer mu kichwa, ikazunguka, ikazunguka. Akasimama. Akaanza kucheka peke yake.

Dimanche yenye ilifuata alifika na uniforme imepigwa pasi, Jonathan nyuma anakokota mbuzi mwenye hakutaka kuingia. Omer hakutosha pompe. Alipiga magoti mbele ya Mama Adèle.

«Mama, munisamehe. Baliniambia mutanifunga na dawa. Mimi nikachuja kila kikombe, hata tone moja haikunipita. Na angalia: asubui Séphora iko mu kichwa, magaribi Séphora iko mu kichwa. Donc hii hapana dawa. Hii ni mapendo ya kweli, ya kwangu mwenyewe. Ninaomba kumuoa.»

Séphora alisema «Ndiyo!» mbele hata ya mutu kumuuliza, akacheka, Jonathan naye akacheka, mbuzi akaponyoka.

Mama Adèle alilia. Alilia sana, na kitambaa ku macho. Omer alimushika mukono polepole. «Usilie, bokilo, mama mukwe wangu. Hata mimi furaha imenishinda.»

Mama akajitosha mu mikono yake, akaenda mbio mu jikoni, akafunga mulango, akamukamata Sikuli, mwenye alikuwa anajificha mule, na koti.

«Wee Sikuli! Umenikulia kuku zote za kulipa dawa bule! Ulisema akunywe dawa yako tu, atamuchukia mutoto wangu na kukimbia kwabo bila kugeuka nyuma!»