Herufi za Ukutani

"Daktari, pale ukutani hakuna herufi! Mnamtesa mtoto wangu bure," alisema Skolastika kwa hasira.

Alikuwa ameteremka na binti yake kutoka Mgeta hadi mjini, baada ya mwalimu kulalamika kwamba mtoto anakosea kila anachonakili ubaoni. Sasa binti alikaa kwenye kiti cha kupimia macho, amekunja uso, machozi yakimlengalenga.

Daktari hakukasirika. Alimwita muuguzi aliyesimama mlangoni, nyuma yao wote. Muuguzi akazisoma herufi palepale alipokuwa, mpaka mstari wa chini kabisa.

Skolastika alitazama tena. Aliona karatasi nyeupe, na juu yake vivuli hafifu, kama masizi yaliyodondokea kwenye maziwa.

"Mama," daktari aliuliza taratibu, "wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu." Bado alikuwa akiikodolea ile karatasi. "Mwalimu alisema sina akili. Baba akanitoa shule, nikalime karoti."

"Macho ya kutoona mbali, mara nyingi mtoto huyarithi kwa mzazi wake."

Skolastika alishika ncha ya kitenge chake, akaisokota mpaka vidole vikamuuma. Miaka thelathini alijiona mjinga. Na juzi tu, jikoni, alikuwa amemwita binti yake hivyo hivyo.

Binti alishuka kitini, akamshika mkono.

"Kaa na wewe, mama."