Kitenzi Kisichokaa Kichwani

"Siyo!" Mwalimu aligonga meza hata kikombe kikaruka. "Siyo, siyo, siyo! Anza tena."

Mke wa mwanawe alifumba macho, akaanza upya. *Je bossais. Tu bossais. Il bossait.* Hadi hapo mambo yalikuwa shwari. Balaa lilikuwa mbele, kwenye "sisi".

"*Nous boss*—"

"Siyo!"

Na neno lenyewe halikuwa hata la heshima. *Bosser* ni kupiga kazi, Kifaransa cha mtaani, cha watu wa gereji na saluni. Lakini mume alishaonya kwenye simu kwamba huko aliko hakuna anayezungumza kama kitabu, na kwamba watahini wa siku hizi hupenda kumshtukiza mtu kwa maneno ya barabarani. Watakuuliza kwenu ulikuwa ukipiga kazi gani, nawe ujibu vivyo hivyo bila kigugumizi: nilikuwa nikipiga, tulikuwa tukipiga, walikuwa wakipiga. Bila cheti cha lugha hakuna viza. Bila viza, mke na mtoto wangeendelea kumwona baba kwenye kioo cha simu.

Mwalimu alikuwa amestaafu na sifa moja iliyojulikana mji mzima: mwanafunzi wake hafeli. Majirani walimwonea wivu huyu mkwe. Wengine wanalipa pesa nzuri kufundishwa na watu wasiojua hata kusalimia, mwenzao mwalimu anamkuta jikoni.

Lakini mkwe mwenyewe alimshinda Mwalimu. Asubuhi alifundishwa, akashika. Jioni akirudi kutoka saluni anakofanya kazi, tayari kitu kingine kabisa kimemkaa kichwani. Mwalimu alianza kulala vibaya. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, na vyote viwili alivimalizia kwenye meza.

"Hilo umelitoa wapi?" aliuliza.

"Kwa dada mmoja wa video za kwenye simu, mama. Anafundisha kila siku. Yeye anasema—"

"Huyo dada amefundisha miaka mingapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Unajua nywele zake tu. Sasa unamsikiliza nani, yeye au mimi?"

"Wewe, mama."

"Haya, lete hiyo simu."

Simu ikawekwa juu ya kabati. Vitabu vya Kifaransa vilikuwa ndani ya kabati hilohilo, na Mwalimu alikuwa amevifungia tangu siku ya kwanza ili visimchanganye mtoto wa watu.

"Bibi, usimgombeze mama," ilisema sauti kutoka chini ya meza.

"Simgombezi, kipenzi changu. Namfundisha." Sauti ya Mwalimu ililainika papo hapo. Huyu mjukuu alikuwa akilala kwake tangu alipoachishwa kunyonya, na akishtuka usingizini alimwita bibi kabla ya mama. Mwana wa kiume aliondoka akisema ni kwa miaka miwili tu. Sasa hata harusi za ndugu zake anahudhuria kwa kutuma picha.

"Haya," Mwalimu alimgeukia mkwe. "Kwenye *nous*."

Wakaendelea hivyo wiki nzima, mmoja akipaza sauti, mwingine akimeza machozi. Siku ya mwisho mkwe alikikariri kitenzi chote kama alivyoelekezwa, kuanzia "mimi" hadi "wao", na hakukwama popote. Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho bila kugusa meza.

"Hivyohivyo," alisema. "Usibadilishe kitu. Hata moyo ukikuambia vingine, usibadilishe."

"Sibadilishi, mama."

Akafeli.

Alirudi macho yamemvimba, akasimama mlangoni asijue pa kuweka mkoba. "Nimekuaibisha, mama. Watu watasema nini? Mwanafunzi wako wa kwanza kufeli ni mimi." Mwalimu alimkumbatia, wakalia pamoja, na Mwalimu ndiye aliyechelewa kunyamaza. Mume alipopigiwa alifoka mpaka mtoto akaziba masikio, kisha akakata. Mkwe alinawa uso, akarudi kazini. Wateja hawangoji mtu alie.

Mchana huo simu ya Mwalimu iliita.

"Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi ni mtahini.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesita sana kukupigia, maana hairuhusiwi. Lakini yule mkweo ananinyima raha. Ana kipaji, Mwalimu. Anasikia kila kitu, anajibu kila kitu. Ila vitenzi vyake! Unakumbuka yale makosa uliyokuwa ukituandikia ubaoni kwa chaki nyekundu, ukisema tusiyasogelee kabisa? Ameyasema yote. Hakuacha hata moja. Kwenye *nous* alianza vizuri, nikamwona anasita, akajirudi, akasema lile baya kuliko yote. Nikamuuliza ni nani amemfundisha. Akakataa katakata. Anasema hataki kumvunjia mtu heshima."

Mwalimu alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa amelala chali katikati ya kitanda.

"Kwa hiyo hawaendi," alisema.

"Mwaka huu, hapana."

Mwalimu alikata simu, akajinyoosha taratibu kando ya mtoto asimwamshe, na usingizi alioukosa tangu viza ilipoanza kutajwa nyumbani humo ukamchukua palepale.