Jani Chini ya Kisigino

Nyapara alitandika jani la kahawa chini ya kisigino cha kulia cha Kalondu.

"Chuchumaa, mama. Nikivuta jani likatoka, nawe unatoka."

Wazee watatu walikuwa wameshafukuzwa asubuhi hiyo. Kitaluni hawakutaka mtu wa kuchuchumaa kwa vidole, maana akiyumba anaangukia miche. Na aliyefukuzwa kwenye shamba hili la Ruiru alihama nyumba siku hiyo hiyo.

Kwa miezi miwili, tangu dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya Thika, amwonyeshe zoezi la kulegeza vifundo, Kalondu alikuwa akisimama mbele ya ukuta kila alfajiri. Aligandamiza kisigino chini, akasukuma goti mpaka liguse ukuta, akahesabu hadi thelathini. Mguu wa kushoto ulikubali upesi. Huu wa kulia ulikuwa mkaidi kama punda.

Akashuka polepole. Kifundo kikalia, ko! Jasho likamwingia machoni, na hakuthubutu kulipangusa.

Nyapara akainama, akashika ncha ya jani.

"Vuta basi," Kalondu akasema. "Ama unaogopa?"

Nyapara akavuta kwa nguvu, nusura aanguke chali.

Mkononi mwake kulikuwa na nusu ya jani.