Chiriku na Wimbo Aliouchoka

Mbuga nzima ilimjua Chiriku kwa wimbo mmoja tu, "Mtama Umeiva," na yeye alikuwa ameuchoka kama mgonjwa anavyochoka uji. Siku ya tamasha kubwa, akiwa ndiye mwimbaji mkuu, alipanda jukwaani na wimbo mpya alioutunga kwa machozi.

Hakumaliza hata ubeti. "Mtama! Mtama!" Nyumbu walipiga kelele huku wakitwanga ardhi kwa kwato.

Fisi, mwenye tamasha, akamnong'oneza, "Mwanangu, wape wanachotaka, wasije wakatukanyaga!"

Chiriku akameza uchungu, akaanzisha "Mtama." Papo hapo Nyumbu wote wakaudaka, wakauimba kwa vifua vyao, hata yeye asiisikie sauti yake. Akanyamaza kidogo, hakuna aliyegundua. Basi akafumba macho, akauimba wimbo wake mpya mwanzo hadi mwisho, kwa raha zake.

Baadaye Nyumbu wakamzunguka, jasho likiwatoka. "Bibie, leo 'Mtama' umeuimba vizuri kuliko siku zote!"

"Umeona faida ya kusikiliza watu?" Fisi akatamba.

"Nimeona, mzee," Chiriku akajibu kwa adabu. "Mwakani nialike tena. Nina wimbo mwingine mpya."